Daftari la Bwana Afya

Agosti 2015 nilikuwa na miaka 16, niko kidato cha tatu, na tulikuwa tunaishi Manzese katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na choo kimoja cha uani. Usiku mmoja mpangaji wa chumba cha mbele, kaka aliyekuwa akipiga debe stendi, alianza kuharisha maji meupe kama yale ya kuoshea mchele. Kulipopambazuka alikuwa hawezi hata kusimama. Tukampakia kwenye bajaji, akapelekwa kambi ya wagonjwa. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Dar.

Kesho yake mchana akaja bwana afya. Kijana tu, shati limelowa jasho, mkononi daftari la kawaida la shule lenye jalada gumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu."

Akauliza tupo wangapi, nani anaumwa tumbo, yule kaka alikula wapi siku mbili zilizopita, choo tunatumia kipi. Halafu akauliza maji ya kunywa tunachota wapi.

"Ya bomba," mama akajibu haraka.

Jamani, bomba letu lilikuwa halijatoa hata tone kwa wiki kadhaa! Maji tulinunua kwa dumu kutoka kwa muuza maji wa mkokoteni, na hakuna aliyewahi kumuuliza anayatoa wapi. Mkaa nao ulikuwa ghali, kwa hiyo kuchemsha ilikuwa siku hii ndiyo, siku ile hapana. Mama yangu si mwongo. Ila kuna aibu fulani ya kumwambia mtu wa serikali kwamba watoto wako wanakunywa maji usiyoyajua. Nami nilikuwa nimesimama palepale mlangoni, nikanyamaza.

Siku ya tatu yule bwana akarudi. Safari hii hakumuuliza mama. Alinikuta uani nafua sare za shule, akachuchumaa karibu yangu.

"Mdogo wangu," akaniambia, "nina nyumba saba humu kwenye daftari. Sita wananunua maji ya mkokoteni. Ya saba ni yenu, na nyie mmesema bomba. Sasa ama nyie mna bahati mbaya, ama kuna kitu sikukisikia vizuri."

Nikamwambia. Hakunikaripia, hakwenda kumsuta mama. Aliandika mstari mmoja, akaniomba nimwelekeze muuza maji yule hupita saa ngapi, akaondoka.

Kwa miaka mingi nilidhani ile ilikuwa hadithi ndogo ya nyumbani kwetu. Nilipoingia kwenye uandishi wa habari na kuanza kutumwa kwenye mambo ya afya, nikaanza kusoma historia ya kazi hii ya kufuatilia magonjwa ya kuambukiza. Nikagundua kwamba yule kijana na daftari lake walikuwa na mababu. Leo nataka niwasimulie kuhusu mababu hao, wazuri na wabaya.

Tuanzie London, mwaka 1854. Mtaa wa Soho, watu wamebanana kama kwetu, vinyesi vinakusanywa kwenye mashimo chini ya nyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba kipindupindu kikalipuka, na ndani ya siku tatu watu 127 waliokuwa wakiishi kuzunguka Broad Street walikuwa wamekufa. Mpaka kinamalizika, waliokufa walikuwa 616. Wasomi wengi wa wakati ule waliamini ugonjwa huu unaletwa na hewa chafu, yaani harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, aliamini ni maji. Huyu bwana alikuwa mtaalamu wa usingizi, tena ndiye aliyempa Malkia Victoria dawa ya kupunguza maumivu alipojifungua mwaka 1853. Lakini aliacha wagonjwa wake wa kitajiri akaenda kugonga milango Soho.

Snow alianza na orodha ya vifo. Ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwa na mtu makini sana wa takwimu, William Farr, ambaye naye aliamini mambo ya hewa chafu lakini hakumnyima mwenzake daftari. Snow akapita nyumba kwa nyumba akiuliza swali lilelile nililolisikia Manzese: maji mnachota wapi? Karibu wote walichota pampu ya Broad Street.

Sasa utamu wa kazi hii uko kwa wale ambao hawakuingia kwenye mkumbo. Kulikuwa na makao ya maskini jirani kabisa, watu 535, wakafa 5 tu. Kwa nini? Walikuwa na kisima chao. Kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, hakufa hata mmoja: wale jamaa walikuwa wakipewa bia, hawahangaiki na pampu. Na upande mwingine kulikuwa na bibi mmoja mjane aliyekufa Hampstead, mbali kabisa na Soho. Snow akamtafuta mtoto wake, akaambiwa kwamba mama alikuwa akipenda ladha ya maji ya Broad Street, kwa hiyo aliletewa chupa kila siku. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea akayanywa pia, naye akafa.

Tarehe 7 Septemba Snow akaenda mbele ya halmashauri ya parokia, ambayo kwa lugha ya leo tungesema ni serikali ya mtaa. Wazee wale hawakushawishika sana, lakini kesho yake wakaagiza mpini wa pampu ung'olewe.

Vitabu vingi vinaishia hapo, shujaa ameshinda, makofi. Lakini kuna mtu wa pili ambaye mimi nampenda zaidi. Henry Whitehead, kasisi kijana wa mtaa ule, hakukubaliana na Snow. Aliamua kupita kwa waumini wake ili athibitishe kwamba Snow kakosea. Kwa kuwa walimjua na kumwamini, walimwambia mambo ambayo wasingemwambia daktari mgeni. Kadiri alivyozidi kuuliza ndivyo alivyozidi kuona Snow yuko sahihi. Mwisho ni yeye aliyepata chanzo: mtoto mchanga wa nyumba namba 40 Broad Street aliugua kabla ya mlipuko, na mama yake alimwaga maji ya kufulia nepi kwenye shimo lililokuwa karibu kabisa na kisima. Kuta za shimo zilikuwa zimebomoka, uchafu unavujia kisimani. Na baba wa mtoto yule, askari polisi, aliugua siku ileile mpini ulipong'olewa. Mnaona? Pampu ingebaki wazi, uchafu wa mgonjwa mwingine ungeingia kisima kilekile.

Pamoja na yote hayo, kamati ya serikali iliyochunguza mlipuko ule iliikataa hoja ya maji. Snow alikufa mwaka 1858 bila kuona ulimwengu unamkubali.

Msije mkadhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Miaka 15 baadaye kazi kama hiyohiyo ilifanyika hapa kwetu, Unguja. Daktari Mskoti aliyeitwa James Christie alikuwa akitibu Zanzibar wakati kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa 1869. Kila mtu angetegemea ugonjwa uje na jahazi. Christie akaanza kuulizia wafanyabiashara wa misafara na mabaharia: mmetoka wapi, mlikuta wagonjwa wapi, mwezi gani? Akaunganisha vipande vile mpaka akaona kwamba safari hii ugonjwa ulikuwa umepita nchi kavu, ukashuka kupitia nchi ya Wamaasai hadi Pangani, ndipo ukavuka bahari kuja kisiwani. Mwaka 1876 akachapisha London kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Jina la mzungu ndilo liko kwenye jalada, sawa. Lakini humo ndani mna maarifa ya wasafiri na wachuuzi waliojua njia zile kwa miguu yao. Bila wao Christie asingekuwa na la kuandika.

Christie huyohuyo aliandika pia kuhusu homa iliyoivamia Unguja mwaka 1870, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, na wazee wakamwambia wanaikumbuka kutoka 1823. Yeye aliona jina dengi limetokana na neno hilo. Kwa hiyo mliposikia kidingapopo kwenye redio mwaka 2014 na 2019, mjue lile si neno lililobuniwa juzi wizarani. Kumbukumbu ya wazee nayo ni daftari.

Mpaka hapa nimewapa sura nzuri. Nisiwadanganye, kuna sura nyingine, kwa sababu daftari lenye majina ya wagonjwa ni kitu cha hatari likiangukia mikono isiyo na huruma.

Idara ya afya ya jiji la New York ilikuwa mbele ya nyingi duniani. Chini ya Hermann Biggs, mwaka 1897 iliwalazimisha madaktari wote wa jiji kuripoti wagonjwa wa kifua kikuu, na madaktari wakapiga kelele kwamba siri za wagonjwa wao zinaingiliwa. Miaka kumi baadaye idara hiyo ikakutana na Mary Mallon, mpishi, mhamiaji kutoka Ireland. Majira ya joto ya 1906, katika nyumba moja ya kifahari huko Oyster Bay, watu 6 kati ya 11 waliugua homa ya matumbo. Mchunguzi George Soper akafuatilia kazi zote alizowahi kufanya mpishi wao, akakuta kila anakopita homa inamfuata. Mwenyewe hajawahi kuugua! Alikuwa amebeba vijidudu bila dalili yoyote. Soper alipomwendea jikoni kumwomba vipimo vya haja kubwa na ndogo, dada yule alimtimua na uma wa kukatia nyama.

Hebu jiweke mahali pake. Anakuja mwanamume usiyemjua, anakwambia umeua watu, na wewe hujawahi kulala kitandani hata siku moja kwa homa hiyo. Idara ikamkamata mwaka 1907, ikamweka kisiwani. Mwaka 1910 ikamwachia kwa ahadi kwamba hatapika tena. Alijaribu kufua nguo za watu, malipo yakawa duni, akarudi jikoni kwa jina la uongo. Mwaka 1915 alipatikana akipika katika hospitali ya wazazi ambako watu 25 walikuwa wameambukizwa na wawili kufa. Akarudishwa kisiwani mpaka alipofariki mwaka 1938. Jumla miaka 26 ya kutengwa. Katika kipindi hicho jiji lilikuwa limeshaandikisha mamia ya wabebaji wengine wa vijidudu vilevile, na hao hawakufungiwa maisha. Ni kweli Mallon alikuwa hatari. Lakini pia ni kweli alikuwa mwanamke, maskini, mhamiaji, hana mume wala mtetezi, na hakuna aliyekaa naye kumtafutia kazi nyingine ya kumlisha kama jiko lilivyomlisha.

Huku kwetu wakoloni walitumia neno afya kwa namna nyingine kabisa. Nairobi mwaka 1902 tauni ilipozuka kwenye soko la Wahindi, mamlaka zililichoma moto soko lenyewe. Dar es Salaam ikagawanywa kanda, wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kuzuia maradhi. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja mnaopita na daladala kila siku uliachwa wazi ili uwatenge watu wa Kariakoo na wa Uhindini. Hapo afya haimtafuti tena mgonjwa ili imtibu. Inatafuta nani ni nani ili imweke mbali. Nadhani sehemu ya woga ule wa mama yangu, yule bwana afya alipoingia na daftari lake, inatoka huko. Mtu wa serikali akiuliza unakunywa maji gani, mzee wako alishajifunza kwamba jibu linaweza kumbomolea nyumba.

Lakini nitawapa mfano mmoja wa namna kazi hii inavyokuwa ikifanywa vizuri, na umetokea jirani. Watazameni wazee wenu begani au mkononi, mtaona kovu la chanjo ya ndui. Ndui ilimalizwa duniani kwa chanjo, ndiyo, lakini si kwa kuchanja kila binadamu. Wataalamu waligundua katika miaka ya 1960 kwamba ukimpata mgonjwa mapema, ukamtenga, ukawatafuta wote aliokutana nao ukawachanja, ugonjwa unakosa pa kwenda. Daftari tena!

Mgonjwa wa mwisho duniani kuipata ndui ya asili alikuwa mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, katika mji wa Merka, kusini mwa Mogadishu, pwani ileile ya Barawa ambako watu huzungumza Chimbalazi, ndugu wa Kiswahili chetu. Oktoba 1977 walikuja watu na gari lenye watoto wawili wagonjwa, wakaulizia njia. Maalin akapanda kuwaonyesha. Dakika chache tu. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, lakini chanjo aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Tarehe 26 Oktoba vipele vikatokea. Wafuatiliaji wakaorodhesha watu 161 aliokutana nao, wakapita mji mzima nyumba kwa nyumba wakichanja watu, na hakuna hata mmoja aliyeugua baada yake. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Maalin hakufungiwa kisiwani wala kutukanwa. Alipona, na miaka ya baadaye akawa anazunguka Somalia kuwashawishi wazazi wachanje watoto dhidi ya polio, akiwasimulia alivyoikwepa sindano na yaliyomkuta. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa bado kwenye kazi hiyo. Nikimlinganisha na Mary Mallon, wote wawili wapishi, wote waliandikwa kwenye daftari, huwa nakaa kimya kidogo.

Na leo? Muundo wetu una sura ya kawaida mno kiasi kwamba magazeti hatuuandiki. Mhudumu wa afya wa kijiji au mtaa anaona jambo lisilo la kawaida, anatoa taarifa zahanati, zahanati inapeleka wilayani, kila wiki kwa magonjwa mengi na ndani ya saa 24 kwa yale makali. Wilayani wanaandika orodha: jina, umri, nyumba, tarehe ya kuanza kuumwa, nani aliishi naye, nani alimzika. Machi 2023 virusi vya Marburg vilipojulikana Bukoba vijijini, waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa siku 21 kila mmoja, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Wagonjwa 9, vifo 6. Kila kifo ni msiba, lakini kwa ugonjwa unaoua namna ile, tisa ni namba ambayo watu walitembea kwa miguu kuipata. Habari ikakaa kurasa za mbele siku chache, ikapotea. Kazi hii ikifanikiwa haina picha ya kuonyesha.

Ikishindikana ndiyo tunaiona. Kile kipindupindu cha 2015 kilienda nchi nzima na kuwaugua watu zaidi ya 20,000, mpaka sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 zikafutwa tukaambiwa tushike mafagio. Nilifagia na mimi. Lakini fagio halijui maji ya mkokoteni yanatoka kisima gani. Na mwaka 2020, nikiwa chuoni, tuliishi jambo la ajabu zaidi: mwezi Mei takwimu za korona nchini zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo kwa zaidi ya mwaka. Tulizika, tukapeana pole, namba haikusogea. Mama aliposema "ya bomba" alilifunga daftari la nyumba moja. Safari ile lilifungwa la taifa.

Ndiyo maana siwezi kumlaumu mama. Aibu ya chini na aibu ya juu zinafanana, na dawa yake ni moja: yule anayeuliza awe mtu ambaye ukimwambia ukweli hutaumia.

Na sisi wa Manzese? Yule kaka alipona, akarudi baada ya siku sita. Jina lake lilikuwa limeshazagaa mtaani, nani alilitoa sijui. Mama ntilie wa kona akakataa kumuuzia chakula kwenye sahani, akamwambia aje na yake. Haukupita mwezi akahama, hakuaga mtu. Bwana afya alilitumia jina lile kutafuta kisima, mtaa ukalitumia kumfukuza mtu.

Mwaka jana nilimuuliza mama kama anakumbuka alivyomjibu yule kijana. Alicheka kwanza, halafu akanyamaza.

"Aliuliza vizuri," akasema. "Mimi ndiye niliyemwogopa daftari."

Nikamwambia kwamba nilimsahihishia. Akasema anajua, aliniona dirishani.